Sellwane na Kondoo wa Mwisho

Sellwane Mokhele aliwajua kondoo kabla hajawajua watu vizuri. Baba yake alikuwa mkata manyoya katika mashamba ya upande wa Dewetsdorp, na mama yake alipokwenda kufua nguo za wenye shamba, mtoto aliachwa kwenye banda la manyoya, akalala juu ya marobota, akaamka ananuka mafuta ya kondoo. Shuleni walimtania kwa harufu hiyo mpaka yeye mwenyewe akaacha kuisikia. Alipokuwa mama mzima, watu wa Botshabelo alikokuwa akiishi, waliomwita Mme, yaani mama, walimchokoza vilevile kwenye foleni ya basi la alfajiri. "Mme Sellwane, leo umekuja na nani? Mbona nasikia kondoo?" Naye akajibu, "Nimekuja na mumeo, nimetoka kumnyoa." Foleni nzima ikacheka na baridi ikapungua kidogo.

Basi lile lilimpeleka kazini, kwenye banda la utafiti nje kidogo ya Bloemfontein, ambako kondoo walipandikizwa vali mpya za moyo. Asiyeijua kazi hiyo hudhani ni ukatili mtupu, na aliyeizoea mno husahau kwamba ukatili umo. Sellwane hakuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Alijua kwamba moyo wa kondoo unakaribiana na wa mtu kwa ukubwa, na kwamba mwili wa kondoo ni mwepesi wa kukipaka chokaa kitu chochote kigeni kilichoingizwa ndani yake. Kwa hiyo vali itakayobaki laini ndani ya kondoo, mtu naye anaweza kuitumainia.

Vali za safari hii zilikuwa za aina yake. Zilifumwa kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, kila moja na vipande vitatu vinavyofunguka damu ikipita na kufunga ikitaka kurudi. Nyama ya mwili ilipanda polepole juu ya nyuzi hizo, nyuzi zikayeyuka kidogo kidogo, na mambo yakienda vizuri mwishoni kikabaki kitu ambacho kondoo amejijengea mwenyewe. Mashine ya picha iliweza kueleza mengi, lakini neno la mwisho lilikuwa ndani ya moyo, na moyo haufunguliwi ukaangaliwa kisha mwenyewe akarudi kula majani. Kila kondoo aliyeingia pale alikuwa na siku yake.

Siku hiyo ilipofika, Sellwane ndiye aliyemshika. Hakuna aliyempangia. Zamani, alipokuwa mgeni, aliona kondoo wa kwanza akiburutwa na wanaume wawili, macho yamemtoka, na akasema palepale kwamba kwao hata mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya mizimu huambiwa anaitiwa nini. Mtu mmoja akacheka. Dokta Engelbrecht hakucheka. Yule mama wa Kiburu alikuwa daktari wa mifugo, mrefu, mkavu, mwenye Kisotho cha shambani alichokipata kwa watoto aliocheza nao utotoni, na alisema tu, "Basi mwambie wewe." Tangu hapo kila kondoo wa banda lile aliondoka mikononi mwa Sellwane. Alipiga magoti, akakilaza kidevu cha mnyama kwenye paja lake, akamwambia sikioni kazi aliyoifanya na watu aliowafanyia. Kisha dokta akachoma sindano. Hakuna aliyekufa akipiga mateke.

Sheria ya banda ilikataza kuwapa majina. Walikuwa na namba masikioni, na ndivyo namba ikageuka jina. Wa mwisho katika kundi la vali hizi, aliyepangiwa kukaa nayo muda mrefu kuliko wote, alikuwa Kumi na Saba.

Kumi na Saba alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye kichwa cheusi na dharau usoni. Hakumpenda mtu. Wakati wa kupigwa picha ya moyo alitakiwa asimame wima, ametulia, kwa sababu moyo wa mnyama mwenye hofu unadanganya. Kwa wengine wote alikuwa gunia la mawe linalopiga teke. Kwa Sellwane alisimama, akaegemeza shingo yake begani mwake, akacheua.

Nyumbani Kumi na Saba alikuwa na rafiki ambaye hakuwahi kuonana naye. Moeketsi, mume wa Sellwane, aliugua homa ya baridi yabisi utotoni, nayo ikamharibia moyo polepole, mpaka alipokuwa mtu mzima anafanya kazi kwenye migodi ya Welkom akaanguka chini, akapasuliwa, akawekewa vali ya chuma. Vali ile ilikuwa na mlio. Usiku chumba kikinyamaza iliweza kusikika, ti, ti, ti, kama saa iliyofunikwa kwa blanketi. Sellwane alilala na mlio huo miaka yote ya ndoa yao iliyobaki.

Vali ya chuma ina masharti. Mwenye nayo hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, mpaka kufa, na hupimwa damu mara kwa mara. Hata chakula kina kipimo, kwa maana mboga za majani zikizidi zinaipunguza nguvu dawa. Na Moeketsi alipenda moroho kuliko vyakula vyote. Sellwane alimpimia mboga hiyo juu ya papa, ugali wao, kwa kijiko, naye akalalamika kama mtoto.

"Huu ni moroho au ugali umemwagikiwa tu rangi ya kijani?"

"Kula. Kesho utapata tena."

"Na yule mwenzangu, yeye anakula kwa kijiko?"

"Kumi na Saba anakula majani mpaka analala juu yake."

"Unaona sasa! Kondoo ana vali nzuri kuliko mwanaume wa watu. Hana dawa, hana foleni, hana mke wa kumpimia mboga. Msalimie. Mwambie aitunze, huenda wajukuu zetu wakaihitaji."

Kila jioni alimuulizia. Kumi na Saba amekulaje, amempiga nani teke, picha yake imetokaje. Sellwane naye, asubuhi akifika bandani, alizifikisha salamu. Alizifikisha kweli, kwa sauti, mbele ya Lefa, mwenzake wa kazi, ambaye alitikisa kichwa na kuendelea kufagia.

Mwezi wa tano, baridi ilipoanza, Moeketsi alichoka na dawa. Hakusema. Alizimeza siku alizotazamwa, akaziacha siku nyingine, na alipokuwa peke yake alijipikia moroho wa sufuria nzima. Asubuhi moja upande wake mmoja wa mwili ulikataa kuamka. Damu ilikuwa imeganda kwenye chuma, kipande kikapanda kichwani. Alikaa hospitalini siku chache bila kusema neno, kisha akafa. Usiku wa kwanza wa matanga Sellwane alilala sakafuni kwenye godoro, kati ya wanawake wengine, na kilichomnyima usingizi hakikuwa vilio vyao. Ulikuwa ule mlio ambao haukuwepo tena.

Walimnyoa nywele. Walimvika nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Watoto, ndugu na binamu walikatiwa kila mmoja kipande cha kitambaa cheusi, wakabandikwa kwenye mkono wa nguo, maana ndivyo mtu wa marehemu anavyojulikana. Aliyesimamia yote hayo alikuwa Disebo, dada mkubwa wa Moeketsi, ambaye ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Rakgadi, yaani shangazi. Rakgadi alikuwa mnene, mwepesi wa ulimi, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa, na kwa mambo ya mila hakuwa na mzaha hata chembe. Alimsomea mjane masharti yake. Asimpe mtu mkono. Jua lisimzamie njiani. Akae karibu na mlango. Na asikanyage penye mifugo mpaka nguo nyeusi zivuliwe, kwa sababu aliyefiwa anafuatwa na giza, linaitwa sefifi, na giza hilo likipita kati ya wanyama linawaharibu.

Sellwane hakubisha. Wapo watakaodhani alikubali kwa kumwogopa wifi yake. Sivyo. Aliamini. Baba yake alimfundisha hivyo kwenye banda la manyoya, na siku ya kufiwa si siku ya kuanza kupima kama baba yako alisema kweli.

Aliporudi kazini alimweleza Dokta Engelbrecht mambo yalivyo. Dokta alitazama lile gauni jeusi, akasema, "Nakuelewa, Mme Sellwane. Utakaa stoo, uoshe vyombo, upime chakula. Wanyama watashikwa na Lefa." Lefa, ambaye naye alikuwa na kondoo wake wachache kwao, alishusha pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Lakini Kumi na Saba hakuwa amefiwa, wala hakusomewa masharti. Alijua tu kwamba mtu wake yuko nyuma ya ukuta, anasikika akikohoa, na haji. Aliacha kula vizuri. Kwenye picha alimburuta Lefa banda zima. Na siku yake ilikuwa imeshapangwa, Alhamisi ya katikati ya baridi, wala haikuweza kusogezwa, kwa sababu wenye vali walisubiri kujua kama kazi ya miaka inafaa kupelekwa kwa watu au la. Kipimo cha mwisho cha moyo kilitakiwa kichukuliwe asubuhi ileile, mnyama akiwa ametulia.

Sellwane aliosha chupa na kuhesabu moyoni. Alikuwa amewashika wote, huyu mmoja tu ndiye angeburutwa. Alikuwa amebakiza kitu kimoja cha kumfanyia Moeketsi duniani, nacho ni kumsindikiza mwenzake vizuri, na kitu hicho ndicho alichokatazwa.

Wiki moja kabla ya Alhamisi hiyo alisikia mateke, kishindo cha bati na sauti ya Lefa, "Dokta, ameshaninasa mguu!" Kisha mlio wa Kumi na Saba, ule wa mwana-kondoo aliyeachwa malishoni. Sellwane hakufikiri. Aliangusha chupa, akaingia bandani na gauni lake jeusi, akapiga magoti kwenye majani, akamkumbatia shingoni. Mnyama akatetemeka, akatulia, akamwegemea. Lefa aliachia kamba na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mme," alisema kwa sauti ndogo. "Mme, umefanya nini?"

Siku ya pili Kumi na Saba alianza kukohoa. Dokta alimsikiliza mapafu, akasema ni vumbi la majani mapya, litapita. Sellwane aliitikia kwa heshima na hakuamini hata neno moja. Giza lilikuwa limeshaingia. Na kama lilifika mapafuni, lingeshindwa nini kufika kwenye vali, iliyokuwa karibu zaidi na mahali alipoegemeza kifua chake? Alijiona ameua vitu viwili kwa mkumbatio mmoja, kondoo na kazi yote ile.

Jumapili alikwenda kwa Rakgadi. Alimkuta uani amekaa juani, anachambua maharage, mtungi wa gemere, kinywaji cha tangawizi, pembeni.

"Rakgadi, nimevunja mwiko."

"Kaa chini kwanza ndipo uuvunje. Umefanya nini?"

"Nimemshika kondoo."

Rakgadi aliacha maharage. "Kwa kidole?"

"Kwa mikono miwili. Na kichwa nikamlazia shingoni."

"Haya, malizia kabisa, wifi yangu! Sema na kumbusu ulimbusu!"

"Sasa anakohoa." Hapo Sellwane alilia, kilio ambacho hakikumtoka vizuri hata makaburini. Rakgadi alimwacha alie. Alimmiminia gemere, akamwekea kikombe chini. Kisha akaanza kumhoji kama polisi.

"Ni jike? Ana mimba?"

"Dume. Amehasiwa."

"Wa zizi la nani?"

"Hana zizi. Yuko kwenye banda la sementi."

"Watamla?"

"Haliwi. Alhamisi atachomwa sindano, watautazama moyo wake, na mwili utachomwa moto. Ana vali, Rakgadi. Ile niliyokuwa namsimulia Moeketsi. Yeye alimwita mwenzake. Kila jioni alimuulizia, kila asubuhi nilimpelekea salamu zake. Alhamisi ataburutwa, na aliyemzoea yuko nyuma ya ukuta anaosha chupa."

Rakgadi aliyasukuma maharage kando. Alitazama kipande cheusi kilichobandikwa kwenye mkono wa sweta yake mwenyewe.

"Moeketsi alimtumia salamu?"

"Kila siku."

"Mimi dada yake alinipigia simu Krismasi kwa Krismasi," alisema Rakgadi. "Haya. Watoto wake wamefungwa kitambaa. Mimi nimefungwa. Hata yule binamu yake mlevi wa Thaba Nchu, asiyejua kaburi liko wapi, amefungwa. Huyu aliyekuwa akisalimiwa kila siku, mbona hajafungwa?"

"Rakgadi, ni kondoo."

"Nani amekuambia simjui kondoo? Sikiliza. Mjane hapiti kwenye mifugo ya watu, hilo halibadiliki, na ole wako nikusikie umepita. Lakini aliyefiwa anamshika aliyefiwa. Tumelala godoro moja, tumeshikana, giza langu na lako ni moja. Mtu wa Moeketsi akifungwa kitambaa, ni wa msiba wetu, na wa msiba wetu unaweza kumshika." Aliingia ndani, akatoka na mkasi, akakata ukanda mrefu kutoka pindo la shali nyeusi ya Sellwane. "Kabla ya kumgusa, nawa kwa maji yenye vipande vya shubiri. Ukishamaliza, nawa tena. Wengine wote katika banda hilo usiwaguse. Na mchungaji asisikie, atanitoa kwenye kwaya."

Alhamisi ilipambazuka na jalidi nyeupe juu ya majani. Sellwane alisimama kwenye mlango wa banda na ndoo yake ya maji ya shubiri, ukanda mweusi mkononi, akamweleza dokta maneno ya Rakgadi bila kuyapunguza. Lefa alisikiliza yote. Dokta Engelbrecht alifikiri, kisha akanyoosha kidole kwenye karai la dawa ambamo kila mtu alitumbukiza viatu vyake kabla ya kuingia.

"Hapa hakiingii kitu bila kuchovywa," alisema. "Chovya kitambaa kwenye dawa yangu. Mikono nawa kwa maji yako."

Lefa alivua kofia yake, akamfungulia mlango.

Kumi na Saba alimsikia kabla hajamwona. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Sellwane alimfunga ule ukanda shingoni, fundo lisilobana, naye akaegemea bega lake kama zamani. Picha ya moyo ilichukuliwa, na mnyama hakutikisika. Kwenye mashine damu ilipita, vali ikafunguka, ikafunga. Sellwane aliweka sikio kifuani mwake, kama alivyofanya mara nyingi, akasikiliza. Moyo ulidunda. Hapakuwa na ti, ti, ti. Vali ilifanya kazi yake kimya, na alimwonea wivu mnyama yule, akaona haya kwa wivu huo.

Kisha akapiga magoti, kidevu cha kondoo pajani.

"Moeketsi hakusalimu leo," alimwambia sikioni. "Amekufa. Nilikuwa sijakuambia. Ndiyo maana sikuja. Umefanya kazi ya watu, umeifanya vizuri, na mimi nipo hapa."

Dokta akachoma sindano. Mwili ukawa mzito juu ya mapaja yake, polepole, bila teke hata moja. Lefa alikuwa ameshika kofia kifuani, anatazama chini.

Kwa kawaida Sellwane aliondoka kabla ya kufunguliwa moyo. Safari hii alinawa maji yake, akakaa nje kwenye benchi, akangoja. Dokta Engelbrecht alitoka na sahani ya chuma, akaketi kando yake. Ndani ya sahani kulikuwa na kipande cha mshipa kilichofunguliwa kama kitabu.

"Tazama. Hiki, na hiki."

Vipande viwili vilikuwa vyembamba, vyeupe, laini, vinang'aa kwa unyevu. Nyuzi hazikuonekana tena. Ilikuwa nyama ya Kumi na Saba mwenyewe. Cha tatu kilikuwa kimenenepa kwenye shina lake, na dokta alipokigusa kwa kibano kilikwaruza. Palikuwa na chokaa, punje ndogo kama ya mchanga.

Sellwane aliitazama mikono yake. "Ni mimi," alisema. "Ni ile siku niliyomkumbatia."

"Hapana."

"Dokta, usinibembeleze."

"Kwani umewahi kuniona nabembeleza mtu? Punje hii ni ya zamani. Kwenye picha za mwaka jana kivuli chake kilikuwepo, nikakiona, nikaomba kiwe kitu kingine. Mwaka jana, Mme Sellwane, Ntate Moeketsi, mumeo, yupo anakutuma salamu, na wewe hujavaa nyeusi." Aliweka kibano chini. "Hatukufuma vizuri shina la kipande hicho. Kosa ni letu. Haitapelekwa kwa watu bado."

Sellwane aliitazama ile punje kwa muda mrefu. Alifarijika, akajichukia kwa kufarijika, kwa sababu kwa mtu fulani mahali fulani, mwenye chuma kifuani na kijiko cha moroho mbele yake, habari hizi hazikuwa njema.

"Nipe kile kitambaa cha shingoni mwake," alisema.

Mwezi wa tisa, mipichi ilipochanua, Rakgadi aliwaita ndugu kuvua msiba. Sellwane alioshwa, akavishwa gauni jipya la buluu. Nguo nyeusi zilirundikwa nyuma ya nyumba zikawashwa moto, na vile vipande vya watoto na vya binamu vikatupwa juu yake. Mwishoni Sellwane alitoa kifuani ule ukanda wa shali, bado una manyoya machache yaliyonasa. Binamu wa Thaba Nchu alitaka kucheka. Rakgadi alimtazama mara moja tu, naye akaona afadhali akohoe.

Ukanda uliungua upesi, kwa harufu ile aliyozaliwa nayo Sellwane.

"Hukuniambia," alisema Rakgadi, akichokoa moto kwa fimbo. "Ile vali ya mwenzake Moeketsi. Walipotazama, ilikuwa nzuri?"

"Vipande viwili vizuri, Rakgadi. Cha tatu bado."

Rakgadi aliendelea kuchokoa mpaka lile gauni jeusi likaporomoka ndani ya makaa.

"Basi Jumatatu urudi kwa kondoo," alisema. "Kuna mtoto wa mtu anakingoja hicho cha tatu."